Manukato Hayapimwi kwa Saa

Biashara ya manukato kwetu, kuanzia Kariakoo hadi Darajani, kuanzia Marikiti ya Mombasa hadi kwa wauzaji wa Instagram wanaotuma mzigo kwa bodaboda, inaendeshwa na swali moja: inakaa? Mteja hajauliza chupa ina nini ndani. Hajauliza kama ni harufu ya mchana au ya usiku. Hata hajainusa mara ya pili. Amepuliziwa mkononi, akavuta pumzi mara moja, akataka kujua inakaa muda gani. Muuzaji ana jibu tayari: "Dada, hii haitoki. Unaoga nayo, unalala nayo, kesho unaamka bado unanukia." Hapo bei inakubaliwa na chupa inafungwa.

Imani iliyo nyuma ya swali hilo imeenea kiasi kwamba watu hawaioni tena kuwa ni imani. Yanayodumu ni mazuri, yanayopotea upesi ni mabaya. Yanayodumu ni orijino, yanayotoka ni feki. Aliyenunua unyunyu wa saa mbili ameibiwa. Vijana wanaochambua pafyumu mtandaoni nao wameipokea bila kuihoji: wanatoa alama kwa saa, kisha kwa umbali ambao harufu inawafikia watu wengine, na mwisho kabisa, kama muda umebaki, wanasema inanukia nini.

Naikataa imani hiyo tangu mzizi wake. Kipimo cha saa ndicho kibovu kuliko vyote anavyoweza kushika mtu anayetafuta manukato mapya. Kimetufungia nje ya harufu nzuri zilizoko sokoni, kimetufanya tuzidharau tulizorithi, kinawatesa watu tunaopanda nao gari moja, na huko porini kina gharama ambayo wanunuzi wengi hawajaambiwa.

Tuanze na harufu yenyewe. Kitu kinanuka kwa sababu chembe zake zinaruka hewani na kuingia puani. Kisichoruka hakinuki. Kila manukato unayoyasikia, basi, ni manukato yanayoondoka, na tofauti iko kwenye mwendo tu. Limonini, inayoyapa maganda ya chungwa na limau harufu yake, ina atomi 10 za kaboni. Ni nyepesi. Ukimenya chungwa sebuleni, aliye chumbani anajua papo hapo, na baada ya dakika chache hewa imerudi ilivyokuwa. Galaxolide, miski ya maabara inayotiwa kwenye sabuni za kufulia na kwenye manukato mengi, ina atomi 18. Ni nzito, inang'ang'ania kitambaa hata baada ya kufuliwa. Mtengenezaji akitaka chupa yake isifiwe kwa kukaa, haongezi ubora, anaongeza uzito.

Jambo hilo linavunja pia hoja ya feki. Anayeghushi manukato anajua vizuri mteja wake atauliza nini, na vitu vizito vya maabara vinapatikana kwa bei anayoimudu. Hashindwi kuvishindilia. Anachoshindwa ni ule mwanzo: mng'ao wa limau halisi, ua linalosikika kama ua, mpito laini kutoka dakika ya kwanza hadi ya arobaini. Nakala mbovu inaweza kukaa kuliko kitu ilichokiiga, na anayeipima kwa saa ataitangaza kuwa ndiyo ya kweli.

Mfano bora kuliko yote uko jirani, visiwa vya Komoro, nchi inayoongoza duniani kwa mafuta ya langilangi. Maua yale ya manjano huchumwa asubuhi na mapema, hutiwa mtamboni, na mvuke unaopita ndani yake hupozwa hadi mafuta yakajitenga na maji. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na mafuta hayakingwi yote kwenye chombo kimoja. Hutengwa kwa zamu. Yanayotoka mwanzo, mepesi kuliko yote, huitwa ekstra, na ndiyo ghali, ndiyo yanayotafutwa na mafundi wa manukato wa Ufaransa. Yanafuata ya daraja la kwanza, la pili, na mwisho la tatu. Haya ya mwisho ni mazito, yanakawia kuruka, yanakaa. Huuzwa kwa bei ya chini, na mengi huishia kwenye sabuni. Ernest Beaux alipotengeneza Chanel No. 5 mwaka 1921, langilangi ilikuwa miongoni mwa maua aliyoyatumia kuijenga harufu ile. Watu ambao kazi yao ni harufu, ambao wanalipa kwa fedha zao wenyewe, wanalipa zaidi kwa sehemu inayotoka mapema. Kwa kipimo cha sokoni kwetu, daraja la tatu ndilo lingevikwa taji.

Au tazama kolonya. Nyumba ya manukato ya Farina ilianza katika jiji la Cologne, Ujerumani, mwaka 1709, na maji aliyoyatunga Johann Maria Farina kwa bergamoti, limau na chungwa yalienea Ulaya nzima hadi jina la jiji likawa jina la aina nzima ya manukato. Aina hiyo kwa kawaida ina asilimia 2 hadi 5 tu ya mafuta ya harufu, nyingine yote ni spiriti na maji. Haikai. Haikukusudiwa kukaa. Unajipaka baada ya kuoga, joto linapungua, kichwa kinafunguka, na baada ya saa moja au mbili imekwisha, ukitaka unapaka tena. Imepita miaka zaidi ya 300 na Farina bado inauzwa. Sijui ni chupa gani kati ya hizi zinazosifiwa leo kwa saa 24 itakayotajwa na mtu yeyote baada ya miaka 30.

Kuna hoja ya pua yenyewe, na hii naomba isomwe kwa makini, kwa sababu malalamiko mengi ya "haikai" yanatokana nayo. Pua huzoea. Harufu isiyobadilika ikiipiga kwa muda, ubongo huacha kuitangaza, ndiyo maana mwenye nyumba hasikii harufu ya nyumba yake lakini mgeni anaisikia mlangoni. Mtu anajipulizia asubuhi, saa nne haisikii tena, anasema imetoka, anaongeza. Haijatoka. Wenzake ofisini wanaisikia tangu alipoingia, na sasa wanaisikia mara mbili. Tena pua hazilingani. Richard Axel na Linda Buck, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2004, walionyesha jinsi vipokezi vya harufu vinavyofanya kazi. Binadamu tuna takriban 400 vya aina mbalimbali, na vinatofautiana kutoka mtu hadi mtu. Wapo wengi wasiosikia baadhi ya miski kabisa, wala hawajui kwamba hawazisikii. Kipimo cha saa, kwa hiyo, kinashikwa na mtu asiyeweza kukisoma. Anachokipima ni uchovu wa pua yake.

Nitaambiwa sisi watu wa pwani ni watu wa udi, na udi unakaa. Ni kweli, na sitaki kuukana urithi huo hata kidogo. Nakataa tu usimuliwe nusu.

Wazee wetu walipenda kinachodumu, na walijua pa kukiweka. Chetezo kilipelekwa kwenye nguo. Kanzu, kanga na buibui vilifukizwa kwa udi na ubani hadi moshi ukaingia kwenye nyuzi, na siku ya pili ukipita karibu na mvaaji unausikia kwa mbali, bila kukuziba pumzi. Chumba cha bibi harusi kilifukizwa. Nywele zilifukizwa. Lakini angalia upande wa pili wa urithi huo huo. Asumini huchumwa jioni likiwa bado limefumba, hutungwa kwenye uzi, usiku linafunguka na kumwaga harufu yake yote, na asubuhi limenyauka, limegeuka rangi. Kikuba hufungwa kwa asumini, rehani, mkadi na waridi, hubanwa kwenye nguo, na kazi yake ni usiku ule. Mawardi humwagwa kwa mrashi viganjani mwa wageni kwenye maulidi na harusi, wanajipaka usoni, na kabla hawajakaa vizuri yamekwisha kuruka. Hakuna aliyewahi kumrudishia mwenye shughuli lawama kwamba mawardi yake hayakukaa. Yalikuwa ni makaribisho, na makaribisho yana wakati wake.

Kwa hiyo pwani hii ilikuwa na harufu ya mlangoni, harufu ya usiku, harufu ya nguo, harufu ya chumba, na ya kupaka nyuma ya masikio. Aliyezijua zote ndiye aliyeitwa mjuzi wa kunukia. Tulichofanya sisi wa leo ni kuchukua moja, ile ya nguo na chumba, tukaitia kwenye chupa ya kupuliza, tukaipaka shingoni saa kumi na mbili asubuhi tukienda kazini, tukasema huo ndio uswahili.

Na kudumu kwenyewe kulikuwa na thamani kwa sababu kulikuwa adimu. Ambari ilitupwa na nyangumi, ikaokotwa ufukweni na mwenye bahati. Msafiri al-Masudi wa Baghdad aliiandika ambari ya Bahari ya Zanji huko karne ya 10, na meli zilikuja kuitafuta. Miski ilitolewa kwenye kifuko cha paa dume wa milima ya Asia, zabadi ikakwanguliwa kwa fungo. Hizo ndizo zilizoishikilia harufu isiondoke. Kuzipata kulihitaji safari, fedha na subira. Mwenye harufu iliyokaa alionyesha kwamba ni mtu mwenye uwezo.

Kisha maabara zikabadilisha kila kitu. Mwaka 1888 mkemia Mjerumani Albert Baur alikuwa akichunguza vilipuzi, akakuta ametengeneza kitu kinachonukia miski. Mwaka 1950 wanasayansi wa kampuni ya Firmenich ya Uswisi wakapata njia ya kutengeneza harufu ya ambari kutokana na mmea, bila nyangumi. Tangu hapo kudumu kumeacha kuwa anasa. Ni miongoni mwa mambo rahisi kabisa ambayo kiwanda kinaweza kuyatia kwenye chupa. Bado tunalipia kudumu huko kana kwamba ni ambari iliyookotwa Pemba, wakati mambo yamebadilika na sisi tumeachwa nyuma na habari.

Matokeo yake yanasikika mtaani. Baccarat Rouge 540 ya Francis Kurkdjian, iliyotoka mwaka 2014, ilichanganya utamu wa sukari iliyoungua na ambari ya maabara, na ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa. Ilikaa, ikasambaa, ikavuma. Baada yake zikaja nakala, na nakala za nakala, na leo ukisimama kwenye foleni ya benki Dar es Salaam au Nairobi unaweza kuusikia utamu ule ule mbele yako na nyuma yako. Siwalaumu watengenezaji wa Ghuba. Khamrah ya Lattafa, kwa mfano, ina tende na mdalasini, na kwenye baraza la jioni lenye kahawa chungu inapendeza kweli. Lawama yangu ni kwa mnunuzi aliyekataa kunusa kitu kingine chochote kwa kuwa hakikufikisha saa zinazotakiwa. Wafanyabiashara wanaleta kinachonunuliwa. Tukiuliza swali moja, tutaletewa jibu moja, katika chupa mia.

Hakuna anayelisifu pilau kwa muda linaokaa tumboni. Tunasifu mchele, viungo, mkono wa mpishi. Manukato nayo yana mambo yake ya kusifiwa, na kwa kung'ang'ania saa tumepoteza hata maneno ya kuyasema. Muulize kijana aliyenunua chupa ya laki moja inanukia nini. Atakwambia, "Kali." Babu yake angekutajia zabadi, halwaridi, sandali, rehani, na angekwambia ipi imezidi.

Sasa twende kwa jirani. Nguo yako ukiichagua vibaya, jirani anageuza macho. Harufu haina pa kugeuzia pua. Kwenye daladala iliyojaa saa saba mchana, madirisha nusu yamekwama, joto linayaamsha yale mazito yote yaliyoshindiliwa chupani, na abiria mmoja aliyejipulizia kwa ajili ya siku nzima anaamua hewa ya watu 30. Kwa mwenye pumu hilo linaweza kumaanisha kifua kubana. Kwa mwenye kipandauso ni siku imeharibika, na kwa mjamzito wa miezi ya mwanzo ni kushuka kabla ya kituo. Nimewaona wakishuka. Wauzaji wanatangaza kwa fahari kwamba harufu hii "inaingia kabla yako na inabaki ukiondoka", na hakuna anayeuliza waliobaki chumbani walitaka ibaki. Mwalimu mbele ya darasa, muuguzi wodini, mhudumu wa benki nyuma ya kioo, hawa wana wajibu kwa pua za watu wasioweza kuondoka. Kwao harufu ya saa mbili ni adabu ya kazi.

Na porini? Msandali wetu, ule unaoota kwenye nchi kavu za Samburu, Baringo na kwingineko Afrika Mashariki, kwa kitaalamu Osyris lanceolata, una mafuta mazito yanayotafutwa kuchukua nafasi ya sandali ya India. Mafuta hayo yamo kwenye kiini cha shina na kwenye mizizi, kwa hiyo mvunaji haramu hakati tawi, anang'oa mti mzima. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake kwa amri ya rais mwaka 2007. Mwaka 2013 CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliiweka miti hiyo ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia kwenye orodha yake ya pili ili biashara yake idhibitiwe. Magogo bado yanakamatwa yakisafirishwa kwa magendo. Mti wa udi huko Asia, Aquilaria malaccensis, uko kwenye orodha hiyo tangu mwaka 1995, na leo umehesabiwa miongoni mwa miti iliyo hatarini kabisa kutoweka. Udi wenyewe haupatikani kwenye kila mti. Hutokea hasa mti unapojeruhiwa na kushambuliwa na kuvu, na kwa nje si rahisi kujua upi unao, hivyo wakataji huangusha na mizima.

Najua chupa nyingi za bei nafuu hazina hata tone la udi wa kweli. Zina udi wa maabara. Lakini maabara nayo ina deni lake. Miski za kizazi cha Baur hazivunjiki kwa urahisi. Moja yao, musk xylene, ilikutwa kwenye samaki na kwenye maziwa ya akina mama, na Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye orodha ya kemikali zisizoruhusiwa bila kibali maalumu. Kisichotoka kwenye nguo hakitoki mtoni pia. Sisemi kila kinachodumu ni sumu, wala sisemi cha maabara ni kibaya kuliko cha shambani, kwa kuwa nakala nzuri ya maabara inaokoa miti na wanyama. Nasema kwamba tamaa ya kutotoka ina mahali inapolipiwa.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni ya fedha, na sitaipita kwa haraka. Mtu anayetoka Mbagala alfajiri, akakaa kwenye foleni hadi Posta, anataka afike ofisini bado ananukia vizuri. Hana fedha za kununua chupa tano kwa kazi tano. Ana ya chupa moja, na anataka thamani yake. Nani wa kumwambia asiulize inakaa muda gani?

Namjibu kwa heshima. Kwanza, kile anachokiogopa kwenye foleni ni jasho, na harufu ya jasho ni kazi ya vijidudu vya kwapani. Kinachokabiliana navyo ni sabuni, maji na kiondoa harufu cha kwapa. Manukato mazito juu ya jasho hayafuniki kitu. Yanachanganyika nalo, na mchanganyiko huo ni mbaya kuliko jasho peke yake. Pili, fedha yake inapotea zaidi kwenye chupa kubwa aliyoinunua kwa ahadi ya saa 24 kuliko kwenye vichupa vidogo. Tunao utaratibu wetu mzuri: pafyumu za kupima. Muuzaji anakupimia mililita 3, mililita 6, au tola nzima ukitaka, na kwa bei ya chupa moja ya dukani unaweza kuondoka na harufu kadhaa. Kichupa cha mililita 3 kinaingia kwenye pochi, na ukifika ofisini unajipaka upya, safi, mwanzo wake mzuri ukausikia mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Tatu, ukitaka ikae, fanya walivyofanya waliotutangulia: iweke kwenye kitambaa. Ncha ya mtandio, leso mfukoni, kola ya shati ambayo haitaingia doa. Ngozi kavu haishiki kitu, ngozi iliyopakwa mafuta mepesi yasiyo na harufu inashika kiasi. Hayo yote hayagharimu shilingi ya ziada.

Ugonjwa huu wa saa, niseme kwa kupita, umehamia hata kwenye vipodozi vingine. Rangi ya mdomo inauzwa kwa sifa ya kutotoka hata ukila biriani, faundesheni kwa sifa ya kuvuka usiku. Kipodozi kisichotoka kwa maji na sabuni mara nyingi husuguliwa, na ngozi ya uso ndiyo inayolipa. Rangi inayofutika kwa urahisi kabla ya kulala ina faida ambayo haijawahi kuandikwa kwenye tangazo.

Basi mtu atafuteje manukato mapya, kama si kwa saa? Kwa subira, kwanza kabisa. Usinuse kumi kwa wakati mmoja. Baada ya ya tatu au ya nne pua imeshachoka, na zile punje za kahawa zinazowekwa mezani hazina muujiza. Kunusa mkono wa nguo yako mwenyewe kunatosha. Anza na karatasi, kisha chagua moja au mbili tu za kupaka kwenye ngozi, kila moja mkono wake. Usinunue katika dakika tano za kwanza. Mwanzo wa chupa nyingi umetengenezwa kwa ajili ya kaunta. Toka nje, tembea juani, panda gari, fanya shughuli zako, kisha nusa tena baada ya nusu saa na baada ya saa mbili. Ngozi yako na joto la mji wako vitakwambia mambo ambayo duka lenye kiyoyozi haliwezi kukwambia. Chupa iliyosifiwa na mtu anayeishi kwenye baridi ya Ulaya inaweza kugeuka shubiri Tanga mwezi wa pili.

Halafu jiulize maswali yenye maana. Hii ni ya wapi na ya saa ngapi? Ningependa kuisikia kwa mtu aliyekaa karibu nami? Mwanzo wake na mwisho wake vinaelewana, au mwanzo ulikuwa chambo? Inanikumbusha kitu, au inanikumbusha tu chupa nyingine? Ikiwa majibu yanaridhisha na inapotea baada ya saa mbili, umepata manukato ya saa mbili. Zipo saa mbili nyingi maishani zinazostahili kunukia vizuri: swala ya Ijumaa, chakula cha jioni na mwenzi, mkutano wa asubuhi, ziara kwa mgonjwa.

Neno langu la mwisho ni kwa wanaotengeneza. Kila kinachohitajika kwa manukato mepesi ya nchi za joto kiko mikononi mwetu. Pemba ina karafuu, na kiwanda cha Wawi kinakamua mafuta ya makonyo. Mchaichai unaota nyuma ya nyumba. Komoro ina langilangi. Oman, ndugu zetu wa ng'ambo, inakamua mawardi ya Jabal Akhdar kila msimu wa waridi. Muheza ina machungwa ambayo maganda yake yanatupwa. Kwenye misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania kuna mkilua, mti ambao wataalamu wa mimea waliuandikisha kwa jina letu, Mkilua fragrans, na harufu ya ua lake wanawake wa pwani wanaijua tangu zamani. Tengenezeni kolonya yetu, ya saa mbili, ya bei ya mwananchi, katika kichupa kidogo cha kujazwa tena. Andikeni juu yake kwamba haikai, na mweleze kwa nini. Nanyi wanunuzi, ikifika sokoni, inuseni kabla ya kuuliza chochote.